Tairi la Mvua, Tairi la Kimya

Greetsiel, 14 Machi 1998

Kaka yangu Burkhard,

Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako limeacha kulalamika kila unapoinama chini ya magari ya watu. Sisi huku hatujambo. Mgongo wa Enno umepona, na sasa anakunywa chai tangu asubuhi hadi jioni kama wenyeji wote wa pwani hii. Nikimwekea sukari ya unga badala ya ile ya mawe, mume wangu ananuna hadi kesho yake. Kondoo wameanza kuzaa kwenye tuta la bahari. Upepo ni ule ule.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mimi na wewe tukipigiana simu tunagombana kabla hatujamaliza salamu. Kwenye barua angalau kila mtu anafika mwisho wa sentensi yake.

Sasa jambo lenyewe. Pasaka inakaribia, matairi ya baridi yatatoka, na yale yangu ya kiangazi yamekuwa vipara. Fundi wa huku ananiambia yapo mawili ya daraja la juu yanayoingia kwenye gari langu: Tessaro la Italia, na Halvard la Skandinavia. Nikamuuliza lipi bora. Akasema, "Yote mawili mazuri," kisha akatazama dirishani. Mtu anayesema hivyo hajui. Wewe umeishi na matairi zaidi ya ulivyoishi na watu, hebu niambie. Mimi sishindani na mtu barabarani. Ni mkunga wa vijijini, naitwa wakati wowote, na mara nyingi naitwa mvua ikinyesha, kwa kuwa huku haiachi kunyesha. Nataka tairi la kila siku.

Kwa sasa Enno ndiye anayeniendesha.

Ricarda ni mzima. Bado anapanda minara ya umeme wa upepo kutengeneza mitambo, na mikanda yake ya usalama, spana zinaning'inia kiunoni. Ni miaka mitatu tangu binti yako aiache karakana yako na kuja huku, na miaka mitatu hiyo hujamtaja katika barua hata moja. Mimi nitaendelea kumtaja.

Dada yako,
Gundula


Schonach, 6 Aprili 1998

Mdogo wangu Gundula,

Barua yako imenikuta salama, goti likiwa pale pale lilipokuwa. Theluji bado imeng'ang'ania upande wa kaskazini wa paa. Fundi wangu Hubert amenunua gari aina ile ile ya langu, na rangi ile ile, na sasa tukiyaegesha pamoja mbele ya kanisa watu wanauliza kama tumefunga ndoa. Makaburi ya wazazi nimeyasafisha, nikapanda maua yale ya njano aliyoyapenda mama.

Kuhusu matairi. Fundi wako hajasema uongo, ila ni mvivu. Jua likiwaka na barabara ikiwa kavu, hutaona tofauti yoyote. Yote mawili yanashika, yote mawili yanapiga kona bila kulia. Tofauti inaanza kwenye maji na kwenye umri. Mpira wa Tessaro ni laini na mifereji yake ni mipana. Maji yanaingia na kutoka haraka, kwa hiyo ukikanyaga breki kwenye mvua linasimama mapema. Lakini ulaini huo lazima ulipiwe: linajila lenyewe. Halvard ni gumu kidogo. Linadumu sana, halinywi mafuta, na halina kelele. Kwenye maji si baya, ila linachelewa kidogo kusimama.

Kwa mtu anayezunguka vijiji kila siku kama wewe, majarida yote yatakuambia uchukue Halvard. Nami ningekuambia hivyo hivyo.

Lakini kuna sentensi moja imenitatiza. Tangu lini Enno anakuendesha? Ulikuwa binti mdogo ukiendesha trekta ya baba kwenye barafu, sisi wanaume tukiwa tumekaa nyuma tumefumba macho. Na Enno, Mungu ambariki shemeji yangu, huendesha kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Wajawazito wako wanamsubiri yeye?

Jibu hilo kwanza, ndipo nikuambie ununue lipi.

Kaka yako,
Burkhard


Greetsiel, 24 Mei 1998

Kaka Burkhard,

Unisamehe kwa kuchelewa. Mezani kulikuwa na barua yako, na kila nilipoishika kalamu niliona sakafu inahitaji kupigwa deki. Nyumba haijawahi kung'aa namna hii. Enno anaogopa kukanyaga.

Haya. Februari niliitwa kwa mama mmoja huko Krummhörn, mtoto wa tatu, uchungu unakwenda mbio. Mvua ilikuwa nzito, maji yametanda barabarani kama shuka. Kwenye mteremko wa daraja la mfereji gari likaacha barabara bila kuiacha. Sijui kama unanielewa. Lilikuwa juu ya lami, lakini halikuigusa. Nikageuza usukani, hakuna kitu. Nikakanyaga breki, hakuna kitu. Likazunguka polepole, kwa adabu kabisa, likaniweka mtaroni. Sikuumia. Mtoto alizaliwa bila mimi, bibi yake akampokea kwa taulo la jikoni, na wote wazima. Mama mtu ananiletea mayai hadi leo.

Lakini tangu siku hiyo waipa zikianza tu kuchezacheza kiooni, viganja vyangu vinalowa jasho. Mara mbili nimeegesha pembeni nikasubiri mvua ipite, na huku mvua haipiti. Kwa hiyo Enno ananiendesha, na tunafika kwa mwendo wa ile trei yako ya mayai. Nimeanza kufikiria kuacha kazi. Enno hajui hilo. Sasa wewe unajua.

Jambo la pili. Ricarda ana mimba. Mwenzake anaitwa Tammo, ni mwashi, kijana mtaratibu asiye na maneno mengi. Mtoto anatarajiwa Julai. Ricarda anataka kuzalia nyumbani kwake kule Pilsum, na mkunga awe mimi shangazi yake, si mwingine. Nimeambiwa nisikuambie. Kwa hiyo sijakuambia.

Nilimjibu, "Mtafute mkunga anayejiendesha mwenyewe." Akasema, "Shangazi, basi jifunze upya. Mimi mtoto huyu nimeshampangia mkunga." Ana kichwa kigumu kama jiwe la mlima, sijui kakirithi kwa nani.

Dada yako,
Gundula


Schonach, 21 Juni 1998

Mdogo wangu,

Afya yangu ni njema. Cheri zimeiva mapema, ndege wanazimaliza. Kwaya ya kanisa imempoteza mwimbaji wake mmoja wa sauti nzito, amehamia kwa wanawe, na sasa nyimbo zote zinasikika kama zinaelea hewani.

Nimesoma barua yako mara moja, nikaenda kufanya kazi. Nilifunga tairi la nyuma mahali pa la mbele kwenye gari la mwenyekiti wa kijiji. Hubert akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia lete gari lako.

Magazeti hujaribu matairi kwenye viwanja vyao, na wale madereva wao wenye kofia ngumu. Mimi nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikafunga Tessaro kwenye gari langu na Halvard kwenye la Hubert. Magari mapacha, yaani ile ndoa yetu imetufaa. Tukaenda uwanja wa kiwanda cha mbao, pale pa lami nyeusi, mwenye kiwanda akatufungulia bomba la zima moto. Watu wa kijiji wakaja na viti.

Tukaanza mwendo mmoja, bega kwa bega, na kwenye pipa jekundu kila mtu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mimi nikasimama. Hubert akanipita taratibu, akinitazama kupitia kioo kama mtu aliye ndani ya treni. Akashuka akasema, "Mzee, ulikanyaga mapema." Tukabadilishana magari. Safari hii mimi ndiye niliyempita yeye. Hubert akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji. Tukarudia mpaka mwenye kiwanda akafunga bomba, akisema maji yake si ya kanisa. Kila mara Tessaro lilitangulia kusimama, na nafasi iliyobaki ingemtosha mtu na baiskeli yake.

Kisha tukaenda barabara ya Triberg na kurudi, vioo vimefungwa, redio imezimwa. Huko Halvard likashinda. Unasikia saa yako ya mkononi. Tessaro linaimba kidogo, si sana, kama mtu anayepika.

Kwa hiyo sahau niliyokuandikia Aprili. Ile ilikuwa hesabu ya majarida, na majarida hayakuwepo mtaroni. Wewe unachukua Tessaro. Litaisha mapema, na likiisha nitakutumia mengine, na hilo si la kujadiliana. Mifereji ikibaki kina cha chini ya milimita tatu, unayatoa, hata sheria ikikuruhusu kuendelea.

Tena usisubiri mvua ikufuate. Ifuate wewe. Siku ya mvua ya kwanza, nenda uwanja ulio wazi, ukimbize gari, kisha kanyaga breki mpaka mguu utetemeke. Rudia mpaka ichoshe. Viganja vyako havitaniamini mimi. Vitaliamini tairi.

Lori litaleta matairi manane. Manne ni yako. Manne mengine ni Halvard, na hayaingii kwenye gari lako. Unajua yanaingia kwenye gari la nani. Kipimo nilikikumbuka. Nimechagua Halvard kwa sababu wapo abiria wanaolala tu wakipata kimya.

Sina zaidi.

Burkhard


Greetsiel, 12 Julai 1998

Kaka Burkhard,

Salamu kutoka kwa Enno, ambaye ni mzima wa mwili lakini bado ananuna kwa sababu ya mpira, tangu tulipofungwa Kombe la Dunia. Amewasusia Wakroatia wote. Kondoo wamenyolewa. Mimi, kaka, naandika nikiwa nimevaa viatu mezani na sijapiga deki wiki nzima.

Matairi yalifika. Ricarda alikuja kuyaona, tumbo limemtangulia. Alilisimamisha moja la Halvard, akapitisha vidole kwenye namba za ubavuni kama kipofu anayesoma. Akauliza, "Baba ndiye kakumbuka kipimo?" Nikamsomea ule mstari wako wa abiria wanaolala. Akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na mkononi ana jeki. Tammo akamnyang'anya jeki, wakavutana, Tammo akashinda, lakini boli alikaza yeye mwenyewe, moja kisha ile inayoielekea, kama ulivyomfundisha. Kila tairi likishafungwa alilipiga kofi dogo kama watu wanavyopiga shingo ya farasi.

Nami nilikwenda kwenye uwanja wa soko la samaki Norddeich, mvua ya kwanza. Mara ya kwanza nilikanyaga breki na kupiga kelele. Gari likasimama, nikabaki napiga kelele peke yangu. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akaja na mwavuli, akagonga kioo. "Mama, unaibiwa?" "Hapana," nikasema, "najifunza." Akavuta kreti akakaa kunitazama. Nilipomaliza, viganja vilikuwa vikavu. Nilivipangusa kwenye sketi kwa mazoea, havikuacha alama.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, simu ikalia. Ni Tammo, yule asiye na maneno. "Shangazi," akasema, "sasa hivi." Enno alikuwa amekwenda kwa baiskeli ng'ambo ya mfereji kumsaidia jirani kufunga nyasi kavu. Na mbingu, kaka, ilikuwa rangi ya chungu. Ngurumo ilianza nikiwa natia mkoba garini. Nikafika njia panda, mvua ikashuka yote kwa pamoja, waipa zikashindwa. Barabara ikapotea. Nilikuwa naona mistari miwili ya miti na katikati yake maji.

Nitakuambia ukweli, niliogopa. Lakini hofu ilikaa kiti cha pembeni, haikushika usukani. Nilisikia mifereji ya tairi ikiyatafuna maji chini yangu, shwaa, shwaa, na gari likashika njia.

Pale pale, mteremko wa daraja lile lile. Lori la maziwa limeteleza, limesimama likikata barabara nzima, na mimi naja. Nikakanyaga breki kwa mguu ule wa Norddeich. Gari likainamisha pua, likanyooka kama rula, likasimama. Dereva wa lori alikuwa amesimama mvuani mikono kichwani. Akaja dirishani, maji yanamtiririka puani.

"Umesimamaje, mama? Mimi nilishafumba macho."

"Nina kaka," nikamwambia. "Sasa nisogezee hilo lori, kuna mtoto ananisubiri."

Akalirudisha nyuma kidogo, nikapita kwa kusugua nyasi.

Nilimkuta Ricarda ameshika kichwa cha kitanda, anamfokea Tammo kwa lahaja yetu ya milimani, na Tammo haelewi hata neno moja, anaitikia tu, "Ndiyo, mpenzi." Aliponiona akasema, "Umekuja na nani?" Nikasema, "Nimekuja na mimi." Akacheka, na cheko lile ndilo lililofungua mlango. Mtoto akaja mvua ikiwa bado inapiga paa, msichana, mzito, hasira tupu. Jina lake Fenja. Ricarda alimlaza kifuani, akamtazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba atasema nini?"

Nikamwambia hilo si swali la mkunga.

Nimepokea watoto wengi, kaka, na sijawahi kutoka kwenye nyumba nikitembea nilivyotembea siku ile. Nilirudi kwa kuendesha na dirisha wazi, nikiimba. Enno alinisikia toka kwenye mfereji. Kazi siachi.

Andika upesi.

Gundula


Greetsiel, 30 Agosti 1998

Kaka,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima. Fenja anaongezeka uzito, anacheka na pazia. Ricarda hajauliza kama umejibu. Kila tarishi akipita husimamisha mikono kwenye sinki, halafu anaendelea kuosha vyombo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Basi mshindo huo uje, kaka, maana masikio yetu yamechoka kuutegea.

Gundula


Pilsum, jikoni kwa Ricarda, 4 Oktoba 1998

Mdogo wangu Gundula,

Salamu zangu leo zinatoka karibu na mlango wako, na wewe hupo. Enno ananiambia ulikwenda kisiwani Juist kuzalisha, bahari imechafuka, feri haitoki. Mimi lazima niondoke kesho alfajiri. Nimeona niandike, wewe usome ukirudi. Enno ameninywesha chai mpaka masikio yananguruma. Nilitumia sukari ya mawe.

Umeniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilianza barua nyingi, zote ziliishia jikoni kuwashia moto. Mwishoni nikaona mimi si mtu wa barua. Mimi ni mtu wa magari. Nikafunga karakana.

Ndiyo, Oktoba. Nilitundika kibao mlangoni. Magari ya nusu ya bonde yanasubiri matairi ya baridi, na mwenyekiti wa kijiji alisimama barabarani kunizuia. "Burkhard, theluji ikianguka je?" Nikamwambia, "Endesheni polepole kama Enno." Hakumjua Enno, lakini alinipisha.

Nimevuka nchi nzima. Kuanzia Frankfurt mvua haikuniacha, na kuanzia Frankfurt nilikuwa natayarisha maneno. Yalikuwa maneno mazuri. Kufika Münster nilikuwa nayajua kwa moyo.

Ricarda akafungua mlango. Amekonda usoni, ana mabega ya mwanamume. Maneno yote yakaruka. Nikatazama gari lake, nikasema, "Boli umekaza wewe?"

"Nani mwingine?"

Nikachukua spana yangu ya kupimia, nikapiga magoti kwenye matope, goti lile lile. Nikapima boli moja, nyingine, zote. Amesimama nyuma yangu, mikono kifuani. Hakuna hata moja iliyokuwa legevu, hakuna iliyozidi.

"Vipi?" akasema.

"Sina la kurekebisha."

Gundula, sijawahi kumwambia mtu sentensi hiyo, katika miaka yote ya karakana. Hubert akisikia atadai aambiwe na yeye. Ricarda akasema, "Ni Oktoba, baba. Nani yupo karakana?" Nikasema hakuna, nimefunga. Akanitazama kama niliyemwambia nimefunga kanisa. Kisha akashika mkono wangu, akaninyanyua kutoka kwenye matope, akasema, "Ingia, baba, utapata baridi." Nikapewa Fenja kabla sijanawa mikono. Sasa ana alama ya grisi begani, na mama yake amekataa kuifuta.

Jana tulimtembeza kwa gari mpaka Norden na kurudi. Alilala kabla hatujatoka kijijini. Ricarda akaendesha, mimi nimekaa nyuma na mtoto, na hakuna aliyesema neno, si kwa ugomvi, ni kwa kuogopa kumwamsha. Halvard limefanya kazi yake.

Lakini nilitaka kukuandikia la leo. Leo Ricarda amerudi kazini, siku ya kwanza. Ni Jumapili, ila upepo haujui Jumapili, na mtambo wa mnara mmoja ulikuwa umeacha kuzunguka. Tammo alikuwa na kazi ya kumsaidia baba yake, kwa hiyo mtoto nilimbeba mimi. Tukasimama malishoni chini ya mnara. Binti yangu akafunga mikanda, akakagua kila kifungo mara mbili, akaingia kwa mlango mdogo chini, akapotea. Nikasubiri. Halafu kule juu kabisa, mahali ambapo mimi hata kwa kulipwa nisingekanyaga, kifuniko kikafunguka, akatoka mtu mdogo mwenye kofia nyekundu, akasimama mgongoni mwa mtambo kama amesimama sebuleni. Akapunga mkono.

Mkulima mmoja alikuwa anapita na baiskeli yake. Hata salamu sikumpa. Nikamwambia, "Yule juu ni binti yangu."

Akashuka, akatazama juu pamoja nami. "Ricarda?" akasema. "Tunamjua. Ikiharibika, tunamwita yeye."

"Ndiyo," nikasema. "Ni binti yangu."

Akaenda zake. Ikaja familia inayotembea na mbwa, nao nikawaambia. Wakaja watawa wawili, Gundula, nikawaambia na watawa. Baadaye kitu kikagonga kule juu, kikanguruma, na mapanga yale makubwa yakaanza kuzunguka, kwanza kwa uvivu, kisha kwa nguvu, vivuli vyake vikipita juu ya nyasi na juu yetu. Nilimwinua Fenja kwa mikono miwili juu kadiri nilivyoweza, ili mama yake amwone.

Ndugu yako mwenye grisi,
Burkhard